Nani Abaki Nyuki

Ukishuka treni Tabora asubuhi ukashika barabara ya kwenda sokoni, utasikia harufu ya kahawa ya Aly kabla hujamwona Aly mwenyewe. Dele lake liko juu ya mkaa mbele ya duka la vifaa vya ujenzi la Ebrahim, vikombe vimelala kwenye ndoo, na benchi limeegemea ukuta, refu, limebonyea katikati pale anapokaa mzee Zablon. Nchi inaendeshwa kutoka benchi hilo. Mawaziri wanafukuzwa hapo, tumbaku inapangiwa bei, ndoa za watu zinavunjwa na kufungwa tena kabla sukari haijayeyuka. Na asubuhi hiyo, watu wakiwa bado hawajaamini kwamba Nyuki, timu yetu ya mpira wa kikapu, imetolewa nusu fainali na Mawimbi ya Kigoma, hapo ndipo kikosi kilipovunjwa na kuundwa upya mara nyingi kuliko ambavyo chama chochote cha michezo kingethubutu.

Agnetha alikuja kwa miguu, filimbi ikiwa bado shingoni kwa mazoea. Yeye ndiye kocha wa Nyuki. Alikuwa mwanamke wa kutembea haraka na kuongea polepole, na asubuhi hiyo alikuwa ameshaamua. Kikosi cha msimu ujao kilitakiwa kusajiliwa kesho yake, nafasi iliyobaki ni moja, na wachezaji wa kuijaza ni wawili: Tobias, nahodha, na Anton, kijana mrefu wa Lusu ambaye msimu mzima alikaa benchi akitafuna shingo ya jezi. Agnetha alikuwa amemchagua Anton. Hakulala na wazo hilo, aliamka nalo likiwa limekamilika. Kilichobaki ni kumwambia Tobias, na Tobias hunywa kahawa kwa Aly kila siku kabla ya kwenda kwenye karakana yake ya useremala. Alimtumia ujumbe: nikukute kwa Aly.

Ila Tobias alikuwa hajafika. Benchi lilikuwa limejaa.

— Kocha huyo! Mpisheni, mpisheni, mfiwa kafika.

Huyo ni mzee Zablon, ambaye mji mzima unamwita Spika. Alitangaza treni stesheni mpaka alipostaafu, na wanasema siku kipaza sauti kilipoharibika, abiria hawakujua.

— Shikamoo mzee.

— Marahaba mwanangu. Poleni na safari. Poleni na kipigo.

— Safari tumeshapoa. Kipigo bado.

Aly akamimina kikombe, akamkabidhi na kipande cha kashata.

— Kunywa kwanza, kocha. Hawa wanakusema tangu alfajiri. Wameshakufukuzia nusu ya timu.

— Nusu? Spika akadakia. Nani kasema nusu? Mimi nafuta wote!

— Wote, mzee?

— Wote! Sikiliza mwanangu. Babu zetu walitoka hapa hapa na mizigo kichwani, wakafika Ujiji, wakarudi, wakashika njia ya Bagamoyo na pembe za ndovu mabegani. Kwa miguu! Leo wajukuu wanapanda basi, viti vinalala, wanafika Kigoma wanasema wamechoka. Wamechoka nini? Wamechoka kukaa?

— Tulifungwa pointi mbili, mzee.

— Ndiyo! Wapagazi walibeba pembe mpaka pwani, nyinyi mmeshindwa kubeba pointi mbili mpaka Kigoma.

Benchi zima likacheka, Agnetha naye. Akajua kwamba sentensi hiyo itamfuata mpaka msimu ujao, na akakiri moyoni kwamba ni nzuri.

— Sasa ukifuta wote, mzee, nacheza na nani?

— Nenda Ipole. Kachukue warina asali. Mtu anapanda mti na moto mkononi, nyuki wanamng'ata masikio, asali inamwagika, na haanguki. Huyo ringi itamtisha nini? Na timu yenyewe inaitwa Nyuki! Umeona inavyoingia?

— Haingii, alisema Ebrahim kutoka mlangoni pa duka.

Ebrahim alikuwa na simu mkononi. Simu haijawahi kutoka mkononi mwake, hata akipima misumari, na ndiyo maana benchi linamwita Google. Marehemu baba yake alifungua duka hilo. Yeye hutazama mechi za Marekani kwenye simu usiku, na mchana husinzia humo juu ya mifuko ya saruji.

— Mambo ya babu na asali tuachane nayo, alisema. Nimetazama hapa. Wenzetu timu ikitolewa, hawaangalii sura wala ukoo. Wanapima. Urefu wa mtu si hoja. Hoja ni urefu wa mikono, kutoka ncha ya kidole hiki mpaka kile.

— Halafu?

— Halafu waje hapa dukani. Nina futi ya kupimia mabati. Kila mchezaji ananyoosha mikono, napima. Mikono ikizidi kimo, anabaki. Isipozidi, kwaheri.

— Mpime Aly basi, Spika akasema. Tazama mikono ile. Anamimina kahawa bila kuinama.

— Mimi nipo hapa hapa, alisema Aly. Mkinisajili mtakunywa nini?

— Tena ukitaka uhakika zaidi, Ebrahim akaendelea, maana alikuwa ameshaanza na hangeweza kujizuia, unapima na baba zao. Na wajomba. Mkono unarithiwa. Unaweza kuchagua timu ya miaka kumi ijayo kwa kupima wajomba tu.

— Google, wewe unataka kuoza mabinti au kuunda timu?

Aliyesema hivyo alikuwa Marcelina, anayeuza viatu vya mitumba kwenye turubai pembeni ya benchi. Hakai benchini, anaweka kiti chake cha plastiki palepale linapoishia, na kutoka hapo anatoa hukumu huku akisugua raba kwa mswaki. Wanamwita Mama Waziri kwa sababu hajawahi kushindwa kwenye mjadala wala kujibu swali.

— Mimi naangalia soli, alisema. Wachezaji wako wote, kocha, wananunua kwangu. Mimi nawajua kwa chini. Soli ikiisha upande wa ndani, huyo mtu wa kwenu. Ikiisha upande wa nje, huyo anaelekea nje. Anataka kuhama.

— Ya Anton inaishia wapi? aliuliza Agnetha. Alitaka kujua, ingawa hakutaka kukiri.

— Ya Anton haiishi kabisa, si humchezeshi! Lakini huyo mwache. Huyo anapenda.

— Anapenda nini?

— Anapenda mtu! Binti wa chuo cha uuguzi. Dakika ile uliyomwingiza Kigoma, alipopewa mitupo yake miwili, si alikosa wa pili? Alikuwa anamtafuta binti jukwaani.

— Mama Waziri, mechi ilikuwa Kigoma. Binti yuko Tabora.

— Ndiyo maana alikosa. Alimtafuta hakumwona.

Hata Spika aliipitia hoja hiyo, akaona haina pa kuingilia. Akaamua kuipita juu.

— Ringi, alisema. Mimi nimeambiwa na mtu aliyekuwepo. Ringi za Kigoma zilipandishwa kipindi cha pili.

— Zote mbili, mzee? Basi nao walirushia hizo hizo.

— Wamezizoea! Wanalala nazo! Halafu kuna upepo wa ziwa.

— Tulicheza ndani, ukumbini.

— Upepo wa ndani ndio mbaya zaidi. Hauonekani.

Agnetha alikunywa kahawa yake. Tangawizi ilimkata koo vizuri. Alikuwa ameongoza mazoezi miaka mingi, akabishana na waamuzi, na wazazi, na viongozi waliotaka wapwa zao wacheze, lakini hakuna mahali alipopumzika kama hapa, ambapo kila mtu alikuwa na uhakika na hakuna aliyekuwa na lawama. Hata kosa lake mwenyewe lingekuwa dogo likiwekwa kando ya upepo wa ndani. Akajikuta anatamani Tobias achelewe zaidi.

Kisha Spika akaweka kikombe chini, akashusha sauti, yaani ikawa kama sauti ya mtu mwingine anapopiga kelele.

— Lakini tuseme ukweli, kocha. Mimi na utani wangu wote. Yule Tobias.

Aly akachochea mkaa.

— Tobias kafanya nini? aliuliza Agnetha.

— Hajafanya kitu. Ndiyo shida. Wanasema dakika za mwisho yule mfupi wa Mawimbi alimpita kushoto, akafunga. Akarudi, akampita kushoto tena, akafunga. Mara ya pili Tobias hakugeuka hata kichwa.

— Goti, alisema Ebrahim taratibu.

— Goti, Marcelina akaitikia. Kiatu chake cha kushoto hakiliki soli siku hizi. Kipya kama kilivyotoka kwangu. Anaegemea kulia tu.

Hiyo haikuwa nadharia. Agnetha alijua, kwa sababu yeye alikuwa pale, hatua chache kutoka kwenye mstari. Alimwona Tobias akitaka kugeuka. Kichwa kilitaka, mabega yalianza, na goti likakataa. Uso wake haukuonyesha maumivu. Ulionyesha mshangao, kama mtu aliyeweka mguu kwenye ngazi ambayo haipo. Filimbi ya mwisho ilipolia, Tobias ndiye aliyezunguka kuwapa mikono Mawimbi, mmoja mmoja, kisha akakaa kwenye basi upande wa dirisha na hakusema kitu mpaka Uvinza.

Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo benchi lililisahau au lilijifanya kulisahau. Mwaka ule Nyuki walipokosa kocha na Agnetha akajitokeza, viongozi walisema vijana hawatamsikiliza mwanamke. Walisema mbele yake, kwenye kikao, wachezaji wakiwa wamekaa nyuma. Tobias aliinuka, kichwa kikikaribia feni, akasema: "Mimi akipuliza filimbi nitakimbia." Hakuongeza neno. Siku ya kwanza Agnetha alipuliza, Tobias akakimbia, na wengine wakamfuata.

— Sasa utamfanyaje? aliuliza Aly.

Agnetha hakupata nafasi ya kujibu. Tobias alikuwa amefika.

Alikuja kutoka upande wa Itetemia, amevaa shati la kazi lenye vumbi la mbao la jana, akitembea wima sana, kama watembeavyo watu wanaoficha kuchechemea. Alipofika chini ya paa la duka aliinama bila kufikiri, ingawa paa lilikuwa juu vya kutosha.

— Mwangaluka, baba, alimsalimia Spika kwa lugha ya nyumbani.

— Mwangaluka, mwanangu, mwangaluka, Spika akaitikia haraka, na macho yake yakaenda kwenye kikombe.

— Bwana Ebrahim. Mama. Aly, nipe ya kwangu. Kocha, shikamoo.

Walikuwa karibu rika moja. Kila asubuhi alimwamkia hivyo kwa mzaha, na kila asubuhi Agnetha alimjibu "marahaba, kimbia mizunguko". Leo alisema tu:

— Marahaba, Tobias.

Tobias alimtazama, akapokea kikombe, akapuliza mvuke wake.

— Njoo tusogee pale kwenye kona, alisema Agnetha akiinuka. Nina neno na wewe.

— Sema hapa hapa.

— Ni la faragha.

— Kocha, hawa wameshanifukuza tangu alfajiri. Sauti ya mzee Spika nimeisikia nikiwa darajani. Nimefukuzwa na wasio na madaraka, acha sasa nifukuzwe na mwenye nayo.

Marcelina akaacha kusugua raba. Agnetha alibaki amesimama. Alikuwa ameandaa maneno njiani, maneno mazuri yenye shukrani mwanzoni na mwishoni, na akaona kwamba mtu huyu hakustahili kufungiwa habari kama zawadi.

— Nimebakiwa na nafasi moja, alisema. Nampa Anton.

— Kwa sababu ya goti.

— Kwa sababu ya goti. Na kwa sababu Anton asipocheza mwaka huu hatacheza tena, ataoza benchini. Ningekuwa na nafasi mbili ningewapa wote. Ninayo moja.

— Umefikiria?

— Nimemaliza kufikiria.

Tobias alitikisa kichwa polepole. Haikuwa kukataa. Ilikuwa kama seremala anayepitisha jicho kwenye ubao na kukuta umenyooka, ingawa alitamani apate sababu ya kuurudisha.

— Ni sawa, alisema. Ningekuwa wewe ningefanya hivyo hivyo. Ningefanya mapema zaidi. Kule Kigoma, yule mfupi aliponipita mara ya kwanza, mimi mwenyewe nilikutazama nikisema moyoni, nitoe. Mara ya pili nikasema, asante hujanitoa.

Gari la mizigo lilipita, likaacha vumbi lake likitulia juu ya viatu vya Marcelina, na Marcelina hakulifuta.

— Basi, Agnetha akasema. Nashukuru umelipokea.

— Nimelipokea. Nina swali moja tu.

— Uliza.

— Tangu sijaota ndevu, ikifika saa kumi jioni mimi niko uwanjani. Mvua, jua, nimeoa, nimezika baba, saa kumi niko uwanjani. Hata mke wangu Suzana hajawahi kunipikia chai ya saa kumi, hajui kama nainywa na maziwa. Alikitazama kikombe chake. Kesho saa kumi niende wapi?

Aliuliza kama mtu anavyouliza njia. Hakukuwa na kisasi ndani yake, wala machozi. Alitaka kujua.

Ebrahim aliinua simu, kidole kikaelea juu ya kioo, kisha akaitia mfukoni, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza benchi kuona mfuko huo unatumika. Marcelina alifungua mdomo; kwake hilo lilikuwa nusu ya jibu, lakini nusu ya pili haikuja. Spika alikohoa. Alikuwa ametangaza treni za Mwanza na Mpanda na Kigoma, alijua kila inayoondoka na saa yake, naye hakuwa na cha kutangaza.

Wote wakamgeukia Agnetha.

Maneno yalikuwepo, ameyashika mdomoni: njoo unisaidie kufundisha, uwe mshauri, uwe mlezi wa timu. Yote yalikuwa yale wanayopewa watu ili waondoke bila kelele. Huenda siku moja angemwomba hivyo, akimhitaji, na siku hiyo angemwomba kwa kumaanisha. Leo ingekuwa kumtupia blanketi tu ili anyamaze.

— Sijui, Tobias, alisema. Sijui uende wapi.

Tobias, kwa mara ya kwanza tangu Kigoma, akatabasamu.

— Angalau hukunidanganya. Ningekasirika.

Akamaliza kahawa, akamrudishia Aly kikombe aongezwe. Aly aliliinamisha dele mpaka mwisho. Ikatoka tone, tone, halafu machicha.

— Imekwisha, kaka. Nikoroge nyingine?

— Koroga. Sina haraka. Milango ya watu kule karakana haikimbii.

Akaligeukia benchi, akawatazama walivyobanana. Spika akajisogeza kumpisha, Ebrahim akatoka mlangoni akakaa juu ya mfuko wa saruji. Tobias akashuka taratibu, mguu wa kushoto akiunyoosha mbele bila kuuficha, katikati ya njia ya watu, na akashusha pumzi ndefu mgongo ulipogusa ukuta.

— Haya, alisema. Mlikuwa mmefikia kwa nani?

Walitazamana. Ilibidi mtu ajibu, na sauti iliyojibu ilikuwa ndogo mno kuwa ya Spika, ingawa ilikuwa yake.

— Tulikuwa... kwa Anton.

— Anton abaki, alisema Tobias. Hilo kocha ameshamaliza. Ila akiruka anatua kwa mguu mmoja. Mfundisheni kutua kwa yote miwili, mapema, kabla hajazoea. Mimi nilitua kwa mmoja miaka yote, watu wakinishangilia.

— Sasa hapo ndipo ninapokataa! Ebrahim akasema, simu imesharudi mkononi. Wa Marekani wengi wanatua kwa mmoja, nakuonyesha—

— Wa Marekani wana madaktari, Google.

— Kutua si tatizo, Spika akapanda, na sauti ikarudi mahali pake, mpaka mwenye baiskeli upande wa pili wa barabara akageuka. Tatizo ni kuruka! Mnyamwezi hakuumbwa kuruka, kaumbwa kutembea! Tobias, mwambie ukweli, uwanja wa Kigoma haukuwa umeinama?

Tobias alifikiri kwa makini, kama anavyopaswa kufikiri mtu aliyekuwepo.

— Uliinama, alisema. Kushoto.

Benchi likalipuka. Marcelina akapiga kelele kwamba alijua, alijua tangu zamani, soli zilimwambia. Agnetha alimlipa Aly, akamwaga masalia ya kikombe chake kwenye vumbi, akaanza kutembea kuelekea shule anayosoma Anton ili kumpa habari. Alitembea haraka kama kawaida yake. Nyuma yake watu wanne walikuwa wanaongea kwa pamoja, na alipofika kwenye kona alisikia wa tano akiwanyamazisha ili amalizie hoja: sauti nzito, isiyo na haraka, iliyokuwa inaanza kufurahia kwamba hakuna mtu atakayempulizia filimbi.